Namna Redio Ilivyopata Kuwa Nyepesi

Watoto wa milima yetu ya Bukavu wakirusha ndege ya karatasi ngumu kuelekea ziwa Kivu, yaenda upepo utakako. Haina injini wala rubani. Je, mtu aliye chini aweza kuigeuza ikiwa angani? Siku hizi aweza, kwa chombo chepesi cha redio. Lakini wepesi huo ulitafutwa kwa miaka mingi.

Mwaka 1898, mjini New York, Nikola Tesla aliwaonyesha watu mashua ndogo aliyoiongoza kwa mawimbi ya redio bila kuigusa. Mashua hubebwa na maji, hata betri nzito haziisumbui. Ndege ni jambo jingine. Ile isiyo na injini ikilemewa na mzigo hushuka upesi.

Mwaka 1937 walitokea wanafunzi wawili wa Marekani, ndugu mapacha. Walter Good alijua kuunda ndege, William alijua redio. Ndege yao, jina lake Guff, ilikuwa na mabawa ya karibu mita 2.5 na uzito wa karibu kilo 4. Hiyo ilihitaji injini. Kwa nini? Kwa sababu redio za wakati ule zilitumia taa za kioo, na taa hizo zilidai betri nyingi. Hata nguvu ya kugeuza usukani mafundi waliipata katika mpira uliosokotwa: ishara ya redio ilifungua kizuizi, mpira ukajizungusha kidogo, usukani ukageuka.

Mwaka 1947 transista ilivumbuliwa katika maabara ya Bell, huko huko Marekani. Ilifanya kazi ya taa ya kioo, nayo ilitosheka na umeme kidogo. Baada ya mwaka 1950 maabara hiyo ilitengeneza pia kikusanya umeme kidogo sana kwa madini yaitwayo tantali. Leo redio ya kupokea ishara yaweza kuwa na gramu chache tu, na ndege ndogo ya mbao laini yaibeba bila taabu.

Basi, tantali yatoka wapi? Yatoka katika koltani, nayo koltani twaijua sisi watu wa Kivu. Mwaka 2000 bei yake ilipanda ghafula. Wengi waliacha mashamba wakaenda kuchimba, na wenye silaha wakawatoza kodi. Kisha, Desemba 2013, Umoja wa Mataifa ulirusha huko Goma ndege za kuchungua zisizo na rubani, mara ya kwanza katika kazi yake ya kulinda amani. Madini yalishuka milimani mabegani mwa watu. Vyombo vya angani vilikuja vimeundwa kwingine.

Wazazi na waalimu, tusiwafundishe vijana bei ya kilo peke yake. Tuwafundishe pia kazi ya kile kinachochimbwa. Wale mapacha hawakuwa na kiwanda: mmoja alijua mbao, mwingine redio, wakaunganisha ujuzi wao.