Endwara y'okusheka: Kashasha 1962 na elimu ya ubongo unaocheka

Jumanne, tarehe 30 Januari 1962, siku 52 tangu Tanganyika ipate uhuru wake, wasichana watatu wa shule ya bweni ya misheni huko Kashasha, maili 25 hivi kutoka Bukoba mjini, walianza kucheka wakashindwa kujizuia. Kicheko kikageuka kilio, kilio kikarudi kuwa kicheko. Wenzao wakaanza kushikwa mmoja baada ya mwingine. Mpaka shule inafungwa tarehe 18 Machi, wanafunzi 95 kati ya 159 walikuwa wamepatwa, wote wakiwa na umri wa miaka 12 hadi 18. Walimu walikuwa watano, Wazungu wawili na Waafrika watatu, na hakuna hata mmoja wao aliyeguswa.

Wahaya, wenyeji wa huko, waliliita jambo hili endwara y'okusheka, ugonjwa wa kucheka. Wengine walisema akajanja, wazimu. Jina la kwanza nalithamini kwa jinsi lilivyopangwa: linalotangulia ni endwara, ugonjwa, na kicheko kinafuata kama dalili yake. Habari ilipovuka mipaka mpangilio huo ulipinduliwa. Kicheko kikatangulia, ugonjwa ukasahauliwa, na kwa miaka mingi Kashasha ikatajwa katika vitabu vya maajabu kama mahali ambapo watu walicheka mwaka mzima bila kupumzika. Hakuna kifua cha binadamu kinachoweza hivyo, wala hakuna aliyeandika hivyo kati ya wale waliofika na kuona kwa macho yao.

Waliofika na kuandika walikuwa wawili: Rankin, kutoka Chuo cha Makerere huko Kampala, Uganda, na Philip, daktari wa serikali pale Bukoba. Makerere haikuwa mbali kwa mtu wa Bukoba. Ng'ambo ya mpaka wa Mutukula kuna barabara ya Masaka hadi Kampala, na meli za Ziwa Victoria zilikwenda bandari ya Port Bell. Shule ya udaktari ya Dar es Salaam ilikuwa bado haijafunguliwa. Ilianza mwaka 1963. Kwa hiyo, wakati bongo za vijana wa Buhaya zilipohitaji jicho la chuo kikuu, jicho lililokuwa karibu lilikuwa la Kampala. Ripoti yao ilitoka Mei 1963 katika jarida la udaktari la Afrika ya Kati, kurasa nne tu, na karibu kila kilichoandikwa baadaye duniani kuhusu Kashasha kimetokana na kurasa hizo.

Ukizisoma taratibu, hukuti kichekesho ndani yake. Mgonjwa alianza ghafla. Kicheko na kilio vilimshika kwa dakika chache au saa kadhaa, vikamwacha, vikamrudia. Aliyekaa muda mrefu kuliko wote alikaa siku 16. Wengi walihangaika, hawakutulia, na walipozuiliwa kwa nguvu baadhi yao walipigana. Kuna waliosema wanaogopa, kwamba kuna mtu anawakimbiza, au kwamba kuna vitu vinatembea kichwani. Madaktari waliwapima kama wanavyopimwa wagonjwa wa mishipa ya fahamu. Mboni za macho zilikuwa zimepanuka kuliko kawaida, lakini zilisinyaa zilipomulikwa. Miguu iliruka zaidi ya kawaida ilipogongwa chini ya goti. Shingo haikuwa ngumu, hapakuwa na degedege, wala hakuna aliyezimia. Homa haikuwapo. Hakuna aliyekufa.

Damu ilipimwa, ugiligili wa uti wa mgongo ukapimwa, virusi vikatafutwa na chakula kikachunguzwa kama kina sumu. Hakikupatikana kitu.

Wakati huohuo ugonjwa ulikuwa umeshatoka shuleni. Shule ya bweni ikifungwa, watoto hurudi makwao, na baadhi ya wasichana wa Kashasha kwao kulikuwa Nshamba, ambayo leo imo katika wilaya ya Muleba. Kati ya Aprili na Mei watu 217 wa Nshamba walishikwa, vijana wa kike na wa kiume pamoja na watoto wa shule, katika eneo lililokadiriwa kuwa na watu 10,000. Kashasha ilifunguliwa tena tarehe 21 Mei, wanafunzi wengine 57 wakapatwa, ikafungwa mara ya pili mwishoni mwa Juni. Mwezi huohuo shule ya kati ya wasichana ya Ramashenye, karibu na Bukoba, ilipata wagonjwa 48 kati ya wanafunzi 154, nayo ikafungwa. Kutoka hapo ukaingia Kanyangereka, na shule mbili za wavulana zikafungwa pia. Ukiutazama mwendo huo kwenye ramani utaona kwamba ugonjwa haukufuata upepo wala mto. Ulifuata njia ya mtoto anayerudi nyumbani na sanduku lake, akapokewa na dada, binamu na jirani. Rankin na Philip waliliona hilo: karibu kila mgonjwa alikuwa amekutana muda mfupi kabla na mgonjwa mwenzake.

Vijijini watu walikuwa na maelezo yao. Wapo waliosema unga umetiwa sumu. Wapo waliosema hewa imechafuliwa na milipuko ya mabomu ya atomiki. Msomaji wa leo asiharakishe kuwadharau. Ufaransa ililipua bomu lake la kwanza katika jangwa la Sahara Februari 1960, na viongozi wa Afrika walilalamika kwa sauti kubwa. Oktoba 1961, miezi mitatu kabla ya Kashasha, Wasovieti walilipua bomu kubwa kuliko yote yaliyowahi kulipuliwa. Mkulima wa kahawa aliyesikia taarifa hizo redioni, kisha akaona mtoto wake anacheka huku machozi yanamtoka, aliunganisha mambo kwa akili aliyokuwa nayo mtu yeyote wakati ule.

Hitimisho la madaktari lilikuwa histeria ya watu wengi: mwili unaumwa kweli, lakini chanzo hakimo katika kijidudu wala katika sumu, kimo katika mzigo wa moyo unaoambukizwa kwa kuonana. Kwa ushahidi waliokuwa nao, naamini walikuwa sahihi. Ila kuna sentensi moja katika ripoti yao ambayo bado inanikera. Waliandika kwamba watu waliosoma na wenye ustaarabu wa kisasa hawakupatwa. Lakini wasichana wa shule ya kati mwaka 1962 walikuwa akina nani kama si waliosoma? Ilikuwa nadra kwa binti kufika darasa la tano, achilia mbali la nane. Kashasha ilikuwa shule yenye jina. Mama Barbro Johansson, Mswidi aliyekuja Buhaya mwaka 1946 na baadaye akawa mbunge katika nchi hii, ndiye aliyeiongoza katika miaka yake ya mwanzo. Walioanguka walikuwa mabinti ambao ukoo mzima uliwatazamia, wamewekwa bwenini mbali na mama zao, chini ya kengele na kanuni za misheni, katika nchi iliyokuwa ndiyo kwanza imeambiwa kwamba sasa ni yake na inawahitaji. Watu wazima wenye mamlaka hawakushikwa. Hilo si suala la ustaarabu. Ni suala la nani ana mahali pa kusemea yanayomsumbua, na nani hana.

Aliyelikaribia jambo hili zaidi alikuwa Mwafrika. Benjamin Kagwa, daktari wa magonjwa ya akili wa Uganda, aliandika mwaka 1964 katika jarida la udaktari la Afrika Mashariki kuhusu milipuko ya namna hii, ikiwemo ya ng'ambo ya mpaka: watu waliocheka huko Kigezi, na waliokimbia ovyo huko Mbale mwaka 1963. Kagwa hakuutafuta ujinga wa wagonjwa. Aliutafuta mgongano wa mafundisho ya nyumbani na yale mapya, na kijana aliyekwama katikati. Mwaka 1968 daktari wa watoto G. J. Ebrahim naye aliandika kuhusu milipuko mitatu katika shule za Afrika Mashariki. Hadi leo Watanzania tunalijua jambo hili kwa jina la wanafunzi kuanguka, au mapepo ya shuleni, na mara nyingi huwa ni wasichana, huwa ni bweni, na huwa mitihani iko karibu.

Hata hivyo, uchunguzi ule wa damu na chakula haukuwa wa bure. Tanzania imewahi kuwa na magonjwa ya vijana ambayo mtu mvivu angeyaita histeria, kumbe chanzo chake kiko mwilini. Miaka ileile ya mwanzo wa 1960, huko Mahenge, daktari Louise Jilek-Aall wa Norway alifungua kliniki ya kifafa na kukuta watoto wanaotikisa kichwa kama wanaoitikia jambo wasiloulizwa. Ugonjwa huo wa kutikisa kichwa umekuja kuhusishwa na minyoo inayoenezwa na inzi weusi wa mitoni, ingawa namna unavyougusa ubongo bado inatafutwa. Na huko Tarime, ng'ambo ya pili ya ziwa, katikati ya miaka ya 1980, watu waliamka miguu imekakamaa wasiweze kutembea sawasawa. William Howlett, daktari wa ubongo wa hospitali ya KCMC, na wenzake wakiwemo Mlingi na Hans Rosling, walionyesha kwamba ni konzo, ugonjwa unaotokana na sianidi iliyobaki ndani ya muhogo mchungu uliotengenezwa harakaharaka wakati wa njaa. Makala yao ya mwaka 1990 inasomwa hadi leo na wanaosomea magonjwa ya mishipa ya fahamu ya nchi za joto. Daktari aliyefika Kashasha na kuruka kipimo cha sumu angekuwa amefanya kosa.

Jambo ambalo hakuna aliyeweza kulipima mwaka 1962 ni kicheko chenyewe. Tangu mwaka 1924 daktari Kinnier Wilson wa London alikuwa ameeleza wagonjwa wanaocheka au kulia bila furaha wala huzuni, na akahisi kwamba kicheko kina mtambo wake katika sehemu ya chini ya ubongo, unaoweza kuwashwa bila ruhusa ya mwenyewe. Mashine ya kuona ubongo wa mtu aliye hai ukifanya kazi ilikuwa bado.

Jibu la kushangaza lilikuja kutoka California mwaka 1998. Itzhak Fried na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, walikuwa wakimtibu kifafa binti wa miaka 16. Ili wajue pa kupasua, waliweka vidude vidogo vya umeme juu ya ubongo wake, kisha wakavijaribu akiwa macho. Walipogusa sehemu ndogo ya mbele upande wa kushoto, yenye ukubwa wa sentimeta mbili kwa mbili, binti alitabasamu. Umeme ulipoongezwa alicheka, cheko la kweli lenye kuambukiza. Alipoulizwa anacheka nini, kila mara alitoa sababu mpya: picha ya farasi aliyokuwa akionyeshwa, au hao madaktari waliosimama pale. Kicheko kilitangulia, sababu ikatafutwa baadaye. Nikisoma habari zake nawaza mabinti wa rika lake huko Kashasha, wakiulizwa na kila mtu mzima aliyepita: unacheka nini?

Robert Provine, mtafiti wa Maryland aliyeandika kitabu kizima juu ya kicheko mwaka 2000, aliwafuata watu wanaocheka madukani na njiani, na katika tafiti zake akakuta kwamba mtu hucheka mara 30 zaidi akiwa na wenzake kuliko akiwa peke yake, na mara nyingi bila kusikia mzaha wowote. Huko London, kundi la Sophie Scott lilionyesha mwaka 2006, kwa mashine ya kupiga picha za ubongo, kwamba kusikia tu sauti ya mtu anayecheka kunaamsha sehemu za ubongo zinazoandaa uso wa msikilizaji ufanye vivyo hivyo. Bweni la wasichana 159 wanaolala kitanda kwa kitanda ni mahali ambapo sauti moja inafikia masikio mengi, na kila sikio lina njia ya kwenda usoni.

Lakini njia hiyo iko kwa watu wote, na mabweni mengi hayajacheka hivyo. Ndiyo maana mwaka 2007 Christian Hempelmann, mtaalamu wa isimu anayechunguza uchekeshaji, aliirudia ripoti ya 1963 na kuwakumbusha wenzake kwamba Kashasha haiwezi kutumiwa kama mfano wa furaha inayoambukiza. Kicheko, alisema, kilikuwa dalili moja kati ya nyingi, pamoja na kilio, hofu na fujo, na mzizi wake ni dhiki. Ilichukua miaka 45 kwa chuo kikuu kufika penye neno endwara.

Kagera, mkoa ambamo Kashasha imo, imezoea kuchunguzwa. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa huko mwaka 1983, na watafiti wa Muhimbili na wa Sweden walikaa miaka mingi wakihesabu kaya na kupima damu. Miaka ya karibuni Muleba ndiko vyandarua vyenye dawa ya aina mpya vilikojaribiwa dhidi ya malaria. Kwa mkoa uliotoa damu nyingi kiasi hicho kwa ajili ya elimu ya dunia, ni ajabu jinsi sauti za Kashasha zilivyohifadhiwa kidogo. Tunajua kipimo cha mboni zao na cha magoti yao. Waliokuwa na miaka 12 mwaka ule ni mabibi waliovuka miaka 70 sasa, na kwa wale walio hai muda wa kuwasikiliza unapungua kila msimu wa mvua.

Natamani zaidi kuwasikia wale ambao ripoti inawataja kwa hesabu ya kutoa tu. Ukiondoa 95 katika 159 wanabaki 64. Walikula ugali uleule, wakalala katika mabweni yaleyale, wakasikia sauti zilezile usiku kwa siku 48, na muda wote huo hawakucheka.