Karoti za Wilhelmstal
Karoti ninazouza Kariakoo hushuka kutoka Lushoto kwa magunia ya lumbesa, zingali na udongo mwekundu wa Usambara. Wajerumani waliuita mji huo Wilhelmstal, kwa jina la mfalme wao. Makao makuu ya koloni lao yalikuwa Dar es Salaam tangu 1891, lakini jasho likizidi, wakubwa walipanda milimani kupunga upepo. Wapagazi je? Waingereza walipoiteka Dar mwaka 1916, kambi ya wapagazi wao wa vita ilikuwa hapa hapa Kariakoo, kwenye joto. Leo Lushoto ina halmashauri ya wilaya. Huku Kariakoo, manispaa yetu ya Ilala ilipandishwa kuwa Jiji Februari 2021. Ushuru wa mazao hutozwa kule, wa soko huku, na anayelipia yote ni mnunuzi.