Maana ya Kuhitimu katika Mwambao wa Ziwa Tanganyika: Masomo na Masharti ya Cheti, Ujiji na Kigoma

Neno "kuhitimu" halikuzaliwa katika shule za serikali. Asili yake ni Kiarabu, katika neno lenye maana ya kumaliza na kutia muhuri, na Waswahili tangu kale walilitumia kwa mtoto aliyemaliza kusoma Kurani, na pia kwa mwanagenzi aliyekwisha kujua kazi ya fundi wake. Sikuhizi neno hilohilo hutumika kwa kijana aliyemaliza kidato cha nne au cha sita na kupata cheti. Ujiji na Kigoma ni mahali pafaapo kuchunguza mabadiliko hayo, kwa kuwa katika muda wa karne moja na nusu watu wa mwambao ule wameona watahini wengi, kila mmoja na masomo yake, masharti yake na lugha yake.

Wafanyabiashara wa pwani, Waarabu na Waswahili, walikwisha kufika Ziwa Tanganyika kabla ya Burton na Speke kuwasili Ujiji mwezi wa Februari 1858. Katika zama za Mwinyi Heri, na baada yake Rumaliza, mji ulikuwa na Waislamu wengi, na palipo na Waislamu hapakosi chuo. Mtoto alianza na alifu, akaandika ubaoni, akasoma sura fupi za Juzuu Amma, kisha akaendelea juzuu kwa juzuu mpaka zikatimia 30. Sharti la kuhitimu lilikuwa moja tu: kumaliza msahafu. Hapakuwa na idadi ya nafasi, wala mwaka maalumu wa kumaliza. Mwepesi alitangulia, mzito akafuata, na mwenye kupitisha alikuwa ni mwalimu yule yule aliyefundisha, mbele ya wazazi na majirani waliomjua mtoto.

Haifai, hata hivyo, kuusifu utaratibu huo kupita kiasi. Wengi walihitimu kwa kusoma maneno wasiyoyajua maana. Kiswahili kilikuwa lugha ya kuelezea, ya kukaripia na ya kutia moyo, lakini muhuri ulitiwa kwa Kiarabu. Jambo hili lafaa kukumbukwa, kwa sababu limejirudia baadaye katika sura nyingine.

Wamisionari wa London Missionary Society walifika Ujiji mwaka 1878, na Mapadre Weupe wakafika mwanzoni mwa 1879, lakini hawakupata mizizi mjini kama walivyoipata mahali pengine ziwani, kwa mfano Karema. Mabadiliko makubwa zaidi yalitoka kwa serikali ya Wajerumani. Shule za serikali hiyo zilifundisha kwa Kiswahili, kikiandikwa kwa herufi za Kirumi, ili wapatikane makarani, maakida na walimu. Masomo yalikuwa machache: kusoma, kuandika, hesabu, na kazi za mikono. Aliyehitimu alijulikana kwa kazi aliyopewa kuliko kwa karatasi aliyoishika. Huo ulikuwa wakati wa nadra ambapo lugha iliyozungumzwa sokoni Ujiji ilikuwa pia lugha ya kumpandisha mtu cheo. Wakati huohuo herufi za Kiarabu, ambazo mwanachuo alizijua kwa taabu ya miaka, zilipoteza thamani yake ofisini.

Reli ya kati ilifika Kigoma mwaka 1914, na mji mpya ukaanza kuupita ule wa kale. Wabelgiji waliitawala Kigoma tangu 1916 hadi 1921, kisha wakaja Waingereza. Chini ya Waingereza elimu ilipangwa kama ngazi. Madarasa ya chini yalifundishwa kwa Kiswahili. Kadiri mwanafunzi alivyopanda, Kiingereza kilichukua nafasi. Kwa kijana wa Kigoma ngazi hiyo ilikuwa pia safari, kwa maana shule kubwa ya serikali iliyokuwa karibu ni ile ya Tabora, ambayo Julius Nyerere aliingia mwaka 1937. Kutoka Kigoma hadi Tabora ni kama kilometa 400 kwa treni. Kusoma zaidi na kuondoka nyumbani yakawa mambo yasiyoachana.

Huko juu ya ngazi palikuwa na mtihani wa Cambridge. Masomo yaligawanywa katika makundi: lugha, historia na jiografia, hisabati, sayansi, na kazi za sanaa na ufundi. Mtahiniwa hakuweza kuchagua apendavyo. Ilimpasa kufaulu idadi maalumu ya masomo katika makundi mbalimbali, na jumla ya alama zake ndiyo iliyoonyesha daraja la cheti, la kwanza, la pili au la tatu. Kwa miaka mingi kufaulu Kiingereza kulikuwa sharti la kupata cheti chenyewe. Kiswahili kiliweza kuhesabiwa kuwa somo moja miongoni mwa mengine, lakini hakikuweza kumwokoa aliyeanguka katika Kiingereza. Karatasi za majibu zilisahihishwa Uingereza na watu wasiomjua mtoto wala mji wake. Pana tofauti kubwa hapa na chuo cha Ujiji: mwenye kufundisha na mwenye kutia muhuri walikuwa sasa watu wawili, na bahari kati yao.

Baada ya uhuru serikali ilitaka kuurudisha muhuri nyumbani. Maandishi ya Nyerere juu ya Elimu ya Kujitegemea, yaliyotolewa Machi 1967, yalilaumu shule iliyomtenga kijana na jamii yake na kumpima kwa mtihani peke yake. Tanzania iliacha mtihani wa kigeni, na mwaka 1973 sheria ikaunda Baraza la Mitihani la Tanzania. Shule za sekondari zilipewa michepuo ya kilimo, biashara, ufundi na sayansikimu. Somo la Siasa likawa la lazima. Baada ya Azimio la Musoma la Novemba 1974, kazi za mwanafunzi za kila siku zilianza kuhesabiwa pamoja na mtihani wa mwisho. Kwa hatua hiyo mwalimu alirudishiwa sehemu ya mamlaka aliyokuwa nayo mwalimu wa chuo.

Hata hivyo umbo la cheti lilibaki lilelile. Katika kidato cha nne huhesabiwa masomo saba aliyofanya vizuri zaidi mwanafunzi: A ni pointi 1, B 2, C 3, D 4, na F 5. Mwenye pointi 7 hadi 17 hupata Daraja la Kwanza. Mwenye 26 hadi 33 hupata la Nne. Zaidi ya hapo ni sifuri. Anayetaka kidato cha tano hana budi kupata angalau C katika masomo matatu, kisha huingia katika tahasusi ya masomo matatu makuu, kama vile Fizikia, Kemia na Biolojia, au Historia, Jiografia na Kiswahili. Lugha ya kujibia, isipokuwa katika somo la Kiswahili na machache mengine, ni Kiingereza. Tume ya Rais iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kianze kutumika kufundishia katika sekondari; pendekezo hilo halikutekelezwa. Sera ya Elimu ya 2014 nayo ilikitaja Kiswahili kuwa lugha ya kufundishia katika ngazi zote, lakini mitihani ya sekondari iliendelea kama zamani.

Mkoa wa Kigoma umeonyesha jambo hili wazi kuliko mahali pengine kwa sababu ya wakimbizi. Kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996 kwa watu waliokimbia vita vya Kongo. Kwa kutarajia kwamba watarejea kwao, shule zao zilifuata mtaala wa Kongo. Mtaala huo haukumtaka mwanafunzi masomo saba na pointi. Ulimtaka achague sehemu yake, kama ualimu au sayansi, na kupata nusu ya alama au zaidi katika mtihani wa taifa, kwa Kifaransa. Hivyo wilaya moja ya Kasulu ilikuwa na vijana wa rika moja wenye maana mbili za kuhitimu. Sokoni walielewana kwa Kiswahili bila mkalimani. Vyeti vyao havikuelewana mpaka baraza la mitihani lilinganishe kimoja na kingine. Mmoja alifungiwa mlango kwa Kiingereza, wa pili kwa Kifaransa.

Masomo nayo yaendelea kubadilika. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, ulioanza 2004, ulileta shule za kata, na kijana wa Ujiji hakulazimika tena kupanda treni ili aone kidato cha kwanza. Mtaala mpya ulioanza Januari 2024 umegawa sekondari katika mkondo wa jumla na mkondo wa amali, ili ujuzi wa kazi uwe na cheti chake. Hapa maana ya pili ya kuhitimu, ile ya mwanagenzi na fundi wake, imepata nafasi shuleni baada ya kukaa nje muda mrefu.

Kwa muhtasari, masharti ya kuhitimu katika mwambao huu yamekwenda kutoka kitabu kimoja hadi masomo mengi, kutoka mwalimu amjuaye mtoto hadi mtahini asiyemjua, na kutoka kumaliza hadi kushindania nafasi. Jambo ambalo halikubadilika sana ni daraja ya Kiswahili. Kimeelezea Kiarabu chuoni, Kiingereza darasani na Kifaransa kambini, na mara chache tu kimepewa muhuri mkononi. Wachunguzi wa lugha wapimapo maendeleo ya Kiswahili kwa wingi wa wasemaji na vitabu, yawapasa wapime pia masharti ya vyeti, kwa sababu mzazi wa Ujiji humchagulia mwanawe lugha kwa kutazama ile itakayomfikisha mwisho.