Jinsi ya kuchagua matairi ya bei nafuu kwa gari la michezo linalopelekwa uwanjani

MWENYE gari dogo la michezo anapoamua kulipeleka katika uwanja wa mbio kwa mara ya kwanza, aghalabu humshughulikia fundi wa injini na kuyasahau matairi. Hali ni kwamba vipande vinne vya mpira, kila kimoja kikigusa lami kwa eneo linalokaribiana na kiganja cha mtu mzima, ndivyo vinavyolisimamisha gari na kulipitisha kwenye kona.

Nchini Uingereza, viwanja kama vile Brands Hatch na Snetterton hutenga siku ambazo raia wa kawaida hulipa ada na kuendesha magari yao wenyewe. Hakuna mshindi wala kikombe. Nchini Japan, uwanja wa Tsukuba wenye mzunguko wa mita 2,045 hupendwa sana na wenye magari madogo.

Gari linaloonekana mara nyingi katika siku hizo ni Mazda MX-5, lililozinduliwa mwaka wa 1989 na kuuzwa Japan kwa jina Eunos Roadster. Toleo la kwanza lilikuwa na uzito wa karibu kilo 1,000 pekee. Makala haya yanalitumia kama mfano.

Wakenya wamezoea Safari Rally, iliyoanza mwaka wa 1953, ambapo matairi hutakiwa kuhimili mawe na vumbi. Mahitaji ya uwanja wa lami ni tofauti kabisa. Huko, adui mkuu ni joto.

Uzito na joto

Mpira wa tairi la michezo hushika lami vyema ukiwa na joto la wastani. Ukiwa baridi huteleza. Ukizidi kuchemka hulainika, hushindwa kushika na huisha haraka.

Gari jepesi haliyachoshi matairi kama gari zito, na hii ni neema kwa mfuko wa mwenyewe. Hata hivyo, wepesi huo una kasoro yake. Mpira uliotengenezewa gari la tani moja na nusu huenda usipate joto la kutosha chini ya gari la kilo 1,000.

Kwa sababu hiyo, matairi mapana kupindukia si lazima yawe bora. Huongeza uzito, hukawia kupata joto na bei yake huwa juu. Kipimo cha kiwandani, au kinachokizidi kidogo, hutosha kwa anayeanza.

Aidha, jihadhari na matairi ya mitumba yaliyotumiwa na timu za mashindano. Kila mara mpira unapochemka na kupoa, huzidi kuwa mgumu. Tairi laweza kuonekana nene na bado likawa limepoteza uwezo wake wa kushika lami.

Kusoma maandishi ya ubavuni

Toleo la kwanza la MX-5 lilitumia tairi la 185/60 R14, na alama inayofuata kwa kawaida ni 82H. Nambari 185 ni upana kwa milimita, 60 ni urefu wa ubavu kama asilimia ya upana huo, na 14 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Alama ya 82 humaanisha tairi laweza kubeba kilo 475, na H ni idhini ya kasi isiyozidi kilomita 210 kwa saa. V ni kilomita 240, nayo W ni 270.

Kwenye matairi yanayouzwa Marekani, tafuta pia neno TREADWEAR pamoja na nambari yake. Huu ni mfumo wa serikali ya nchi hiyo wa kulinganisha jinsi matairi yanavyoisha. Lenye 200 linatarajiwa kudumu mara mbili ya lenye 100 katika hali za majaribio.

Ikumbukwe kwamba nambari hiyo hutolewa na mtengenezaji mwenyewe. Hufaa zaidi kulinganisha matairi ya kampuni moja kuliko ya kampuni mbili tofauti.

Makundi matatu

Kundi la kwanza ni matairi ya kawaida ya barabarani yenye nambari ya 300 na zaidi. Hudumu na huvumilia mvua, lakini huchemka upesi uwanjani. Kwa anayejifunza si mabaya, kwa sababu hupiga kelele kabla ya kuteleza na hivyo humwonya dereva.

Kundi la pili lina nambari inayokaribia 200. Mifano ni Hankook Ventus R-S4 na Yokohama Advan A052, yote yakiwa na 200. Mataifa ya Asia yamechangia kupunguza bei katika kundi hili. Nankang NS-2R kutoka Taiwan, kwa mfano, imetengenezwa kwa aina mbili za mpira, 180 na 120. Kwa mwenye bajeti ndogo, hapa ndipo pa kuanzia.

Kundi la tatu ni la 100 au chini, kama vile Toyo Proxes R888R. Mifereji yake ni michache. Hushika lami kavu kwa nguvu, lakini huisha haraka na huhitaji uangalifu mkubwa barabara inapolowa.

Hesabu ya kweli

Bei ya dukani haitoshi kuamua. Tuseme tairi moja linauzwa Sh12,000 na seti hudumu siku nne za uwanjani. Seti ya manne ni Sh48,000, yaani Sh12,000 kwa siku. Tairi la pili likiwa Sh18,000 na seti idumu siku tisa, jumla ni Sh72,000, sawa na Sh8,000 kwa siku. Lililoonekana ghali ndilo nafuu.

Kadhalika, ukingo wa nje wa matairi ya mbele ndio huisha kwanza kwenye kona. Fundi akirekebisha pembe ya magurudumu ili sehemu ya juu iinamie ndani kidogo, mpira huisha kwa usawa na seti hudumu zaidi.

Umri wa mpira

Tarakimu nne za mwisho katika alama ya DOT huonyesha wiki na mwaka wa kutengenezwa. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka wa 2019. Usinunue kabla ya kuzitazama, hata tairi likiwa jipya machoni.

Mwigizaji Paul Walker na rafiki yake Roger Rodas waliangamia Novemba 2013 huko California katika gari la Porsche Carrera GT. Wachunguzi walisema chanzo kilikuwa kasi ya kati ya maili 80 na 93 kwa saa, mahali palipotengewa maili 45. Lakini pia waligundua kuwa matairi yalikuwa na umri wa miaka tisa, jambo walilosema huenda liliathiri uthabiti wa gari.

Upepo, na safari ya kurudi

Kiwango cha kiwandani cha MX-5 ya kwanza kilikuwa psi 26 tairi likiwa baridi. Baada ya mizunguko kadhaa upepo hupanda, na madereva wengi huupunguza ili mpira uguse lami inavyofaa. Nunua kipimo chako cha upepo. Ni kifaa cha bei ndogo kinachookoa matairi ya bei kubwa.

Hatari hujitokeza jioni. Tairi lililopunguzwa upepo likiwa moto hubaki na upepo haba likishapoa. Lijaze upya kabla ya kuingia barabara kuu. Kagua pia mbavu kama zina nyufa au uvimbe, na upime kina cha mifereji. Sheria ya Uingereza hudai angalau milimita 1.6, lakini tairi la kundi la tatu lililokaribia kiwango hicho laweza kuelea juu ya maji katika mvua ya kwanza.

Rahisi ni ghali, walisema wahenga. Tairi la bei nafuu ni lile litakalokupeleka uwanjani, likufunze kona, kisha likurejeshe nyumbani ukiwa mzima.