Nguzo za Aachen: zilitoka Ravenna, zikafika Paris

Ufaransa ilipoirudishia Benin vitu 26 vya ufalme wa Dahomey mwaka 2021, wengi walidhani madai kama hayo ni ya Waafrika peke yao. Lakini Bénédicte Savoy, aliyeandika na Felwine Sarr ripoti ya mwaka 2018 iliyosukuma jambo hilo, alikuwa ametangulia kuchunguza jinsi Wafaransa walivyowapora majirani zao Wajerumani. Kisa cha Aachen, mji wa Ujerumani, kimo katika uchunguzi huo.

Kanisa la Aachen, lenye ukumbi wa pembe nane na kuba la zaidi ya mita 30, alilijenga mfalme Karolo Mkuu mwishoni mwa karne ya 8. Einhard, aliyeandika maisha ya mfalme huyo, anasema nguzo na marumaru vililetwa kutoka Roma na Ravenna kwa kuwa havikupatikana kwingine. Uhaba tu? Mtawala aliyejiona mrithi wa makaisari alihitaji mawe yao. Mawe ya majengo ya kale yanayotumiwa tena hivyo wanahistoria wa sanaa huyaita spolia. Ruhusa ya kuchukua marumaru na mozaiki za kasri la Ravenna aliitoa Papa Hadrian I kwa barua. Wenyeji wa Ravenna hatusikii wakiulizwa.

Kati ya 936 na 1531 wafalme wa Ujerumani zaidi ya 30 walitawazwa katika kanisa hilo la Aachen.

Mwaka 1794 yakaja majeshi ya mapinduzi ya Ufaransa. Yaling'oa nguzo na kuzipeleka Paris, pamoja na jeneza la marumaru lenye michongo ya Proserpina, mungu wa kike wa Kirumi, kwa madai kwamba makao halali ya sanaa ni nchi ya watu huru. Kuba halikuporomoka: nguzo za ghorofani zilisimama ndani ya matao kama pambo, uzito ukiwa juu ya kuta.

Baada ya Ufaransa kushindwa vitani Waterloo, mwaka 1815, dola la Kijerumani la Prussia lilizidai nguzo hizo. Nyingi zilirudi, ingawa zilisimamishwa tena miaka ya 1840. Nyingine zilikuwa zimekwisha kujengewa ndani ya makumbusho ya Louvre, na Wafaransa wakajitetea kwamba kuzitoa kungebomoa kumbi. Utetezi mwepesi kweli! Aachen hakuna aliyejali kuba la mwenzake.

UNESCO iliorodhesha kanisa hilo mwaka 1978, miongoni mwa maeneo 12 ya kwanza duniani. Nguzo zilizobaki Paris nazo ziliingia urithi wa dunia mwaka 1991, Louvre ilipoorodheshwa pamoja na kingo za mto Seine.