Weusi wa Ituri: wachoraji ambao majina yao hayakuandikwa

Ukifika njiapanda ya Komanda, kilomita 75 hivi kusini mwa Bunia, barabara ya magharibi inakupeleka Mambasa na Epulu, ndani ya msitu wa Ituri. Huko wanawake wa Kimbuti wamekuwa wakichora kwa rangi nyeusi kizazi baada ya kizazi, na kazi yao inastahili kutajwa pamoja na picha za Wajapani zinazosifiwa duniani kote.

Kazi huanza kwa mwanamume. Hubandua gome la mti wa jamii ya mkuyu, akaondoa ganda la nje, akaliloweka, kisha akaliponda kwa nyundo ya mti au ya pembe ya ndovu hadi likalainika na kutanuka. Ndipo mwanamke hulipokea. Hukamua tunda la gardenia, akachanganya maji yake na makaa, akachovya kidole au kijiti: mistari inayokatana, madoa ya chui, mabawa ya kipepeo, utando wa buibui. Mara mstari unakoma na sehemu nzima inaachwa tupu. Mwenye haraka atadhani kazi haijakwisha. Atazame tena: ni utupu huo unaoupa weusi nguvu. Nguo hizo, murumba, zilivaliwa kwenye ngoma, kwenye harusi na kwenye elima, unyago wa wasichana.

Utagawa Hiroshige wa Japani aliujua weusi wa namna hiyo. Katika miaka ya 1840 alitoa picha za vivuli zilizochapwa kwa mbao za kuchonga: mtu anajikunja na vyombo vyake, na kwenye mlango wa karatasi kivuli chake kinatokeza umbo jingine kabisa. Ubao ulitoa nakala nyingi, zenye jina lake. Murumba haina nakala.

Mwaka 1991 jumba la makumbusho la Dapper, Paris, lilionyesha michoro ya Wambuti, na katikati ya miaka hiyo ya 1990 Georges Meurant na Robert Farris Thompson wakaiandikia kitabu. Majina ya wataalamu tunayo. Ya akina mama wengi waliochora hayakuandikwa popote, na hilo linaniuma. Sasa vita vimezihamisha familia nyingi kando ya barabara hiyo ya Mambasa, na wanaokumbuka nani alichora nini wametawanyika.

Ndugu msomaji wa Komanda, Mambasa au Epulu, ukiuziwa au ukipewa murumba, muulize mama aliyeichora anaitwa nani. Akikubali, liandike jina lake kwa nyuma, pamoja na kijiji chake na mwaka.