Reli ya Cloudcroft na Daraja Linalopigwa Picha Peke Yake

Reli ya kutoka Alamogordo hadi Cloudcroft, katika jimbo la New Mexico nchini Marekani, ilianza kujengwa mwaka 1898 kwa sababu ya mbao. Charles Eddy alikuwa akijenga njia kuu ya reli kutoka El Paso kuelekea kaskazini, kupitia jangwa lisilo na miti, na mataruma yake yalikuwa bado misitu katika milima ya Sacramento. Maelezo mengi huieleza kuwa reli ya starehe, iliyowapeleka watu wa El Paso kukimbia joto. Abiria walikuwepo kweli, na hoteli ikajengwa kwa ajili yao. Hata hivyo, treni zao zilikoma mwaka 1938, ilhali za mizigo ziliendelea hadi 1947. Reli hii ilizaliwa na magogo, na magogo ndiyo yaliyoiweka hai.

Katika kilomita 42 hivi, njia ilipanda takriban mita 1,300, ikapinda kona 330 na kuvuka madaraja 58 ya mbao. Kujaza makorongo udongo kungekuwa kazi ya miaka. Miti ilikuwa palepale. Safu za nguzo zilisimamishwa, zikafungwa kwa mbao za mshazari ili zisiyumbe, kisha mihimili ikalazwa juu. Mtihani mkubwa ulikuwa kwenye madaraja yaliyopinda, kwa kuwa treni ikiwa kwenye kona huyasukuma kwa ubavu.

Mojawapo ni daraja la Mexican Canyon, la mwaka 1899, lenye urefu wa karibu mita 98. Linaonekana kutoka barabara kuu namba 82, nalo limefanyiwa ukarabati. Wapiga picha husimama hapo, hulinasa likiwa na mchanga mweupe wa jangwa kwa mbali, kisha huondoka. Picha hizo ni nzuri, lakini zimeifanya reli nzima ionekane kuwa daraja moja.

Reli zenyewe ziling'olewa baada ya njia kufungwa. Kilichobaki kimo msituni: tuta lililomezwa na nyasi, nguzo zilizooza pale zinapogusa ardhi, mihimili iliyoangukia korongoni. Mbao hizo hazitasubiri. Njia za miguu karibu na Cloudcroft zinafika kwenye baadhi ya mabaki hayo, na wenye kamera waanzie huko.